Kiswahili anakisoma kwa kusitasita, Kiingereza kimemshinda: tatizo liko wapi?

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, yuko darasa la tatu katika shule ya serikali hapa Singida. Mtihani wa muhula amepata alama 14 kati ya 50 katika Kiingereza. Kiswahili anasoma, ila kwa kusitasita. Baba yake anasema mtoto hana kichwa cha lugha. Jirani ananishauri nimhamishie shule ya mchepuo wa Kiingereza, au angalau tuanze kuzungumza Kiingereza nyumbani, ingawa mimi niliishia darasa la saba. Dada yake yuko kidato cha pili na anakimudu kiasi. Nianzie wapi?

Jibu: Dada yangu, katika maelezo yako kuna sentensi moja uliyoipita haraka, nayo kwangu ina uzito kuliko hizo alama 14. Umesema kijana anasoma Kiswahili kwa kusitasita. Wazazi wengi, na hata baadhi ya walimu, huuchukulia usomaji wa Kiingereza kuwa jambo la Kiingereza peke yake, hivyo matokeo yakiwa mabaya dawa inayotafutwa ni kuongeza Kiingereza. Kwa mtoto anayekutana na lugha hiyo shuleni tu, mambo hayaendi hivyo. Stadi ya kusoma hujengwa mara moja tu, katika lugha ambayo mtoto anaifahamu, kisha huhamishiwa kwenye lugha nyingine kwa marekebisho. Ikiwa haijakomaa katika Kiswahili, hakuna cha kuhamisha.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walitoa maelezo mafupi ya kusoma ambayo hadi leo yanatumika sana vyuoni. Walisema kusoma kwa ufahamu ni zao la vitu viwili: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Angalia kwamba walisema zao, yaani la kuzidisha, hawakusema jumla. Anayetamka kila neno lakini haijui lugha hapati kitu, na anayeijua lugha lakini hawezi kutambua maneno kwenye karatasi naye hapati kitu. Mtihani huwapa wote wawili alama zinazofanana, kwa hiyo alama 14 hazikuambii kijana wako amekwama upande upi, wala mwalimu mwenye wanafunzi wengi hapati nafasi ya kulichunguza hilo kwa mtoto mmoja mmoja. Wewe unaweza, kwa jioni mbili tu.

Jioni ya kwanza mpe hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili ambayo hajawahi kuisoma. Asome kwa sauti, nawe usimsahihishe. Sikiliza kama anasoma neno zima au anaunganisha silabi moja moja, kisha funika kitabu na umwombe akusimulie. Jioni ya pili dada yake achukue hadithi fupi kutoka kitabu cha Kiingereza cha darasa la tatu, amsomee polepole mara mbili, kisha amuulize kwa Kiswahili nani alifanya nini na wapi. Baada ya hapo kijana mwenyewe asome aya ileile. Ikiwa alielewa aliposomewa lakini akashindwa kusoma, shida yake iko kwenye maandishi. Ikiwa alisoma vizuri kiasi lakini hakuelewa hata aliposomewa, shida ni msamiati. Kwa maelezo uliyonipa, natarajia utakuta yote mawili, pamoja na usomaji wa Kiswahili ambao bado ni wa kuunganisha silabi.

Itafute pia karatasi ya mtihani, kwa kuwa makosa ya mtoto husema mengi. Nafasi zilizoachwa wazi kwa kawaida ni dalili kwamba hakuweza kuyasoma maelekezo. Sentensi nzima iliyonakiliwa kutoka kwenye kifungu na kuwekwa mahali pa jibu ni kazi ya mtoto aliyeliona neno moja la swali kwenye kifungu akachukua mstari wote lilimokaa; huyo anajua kulinganisha maumbo ya maneno bila kujua maana yake. Majibu yenye tahajia mbaya lakini yanayokaribia ukweli, kwa mfano "hausi" mahali pa "house", ni habari njema, maana yanaonyesha mtoto anayeisikia lugha na kujaribu kuiandika.

Sasa niseme kwa nini maandishi ya Kiingereza yanawasumbua watoto wetu kwa namna ya pekee. Kiswahili kina irabu tano, kila moja ina herufi yake, na karibu kila silabi huishia na irabu. Mtoto akishaimudu ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, anaweza kulisoma neno lolote hata kama hajalisikia. Kiingereza kina sauti za irabu zinazokaribia 20, kutegemea lafudhi, na herufi zilezile tano za kuziandikia. Kwa hiyo mtoto aliyefundishwa vizuri katika Kiswahili hulikuta neno "name" akasoma na-me, "like" akasoma li-ke, na "come" akasoma ko-me. Watu wazima hucheka. Lakini ukitazama kwa makini, mtoto huyo ametumia kanuni aliyofundishwa, tena kwa usahihi kabisa, na kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba kanuni imebadilika.

Hata wenye lugha yao hawaipati kwa urahisi. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika mifumo 13 ya maandishi ya Ulaya, ulionyesha kwamba katika lugha nyingi watoto walisoma maneno ya kawaida kwa usahihi kabla ya mwaka wa kwanza wa shule kwisha, ilhali wale wa Kiingereza walihitaji muda unaozidi mara mbili ya huo. Hao ni watoto waliozaliwa ndani ya lugha yenyewe. Kijana wako hakuzaliwa nayo, na muda anaokutana nayo ni vipindi vichache kwa wiki.

Kuna na suala la sikio. Mtoto mwenye irabu tano kichwani husikia "cat", "cut" na "cart" kama neno moja, na "ship" na "sheep" kama neno moja. Konsonanti zinapofuatana, naye hutia irabu katikati, akasema "sitopu" mahali pa "stop". Asipozoezwa kuzisikia tofauti hizo, tahajia itabaki kuwa fumbo kwake, kwa sababu anaambiwa maneno matatu yaandikwe kwa namna tatu wakati yeye anasikia moja. Ndiyo maana nasisitiza kwamba masikio yafanye kazi kabla ya macho, jambo ambalo katika madarasa yetu mengi hufanyika kinyume: neno linaandikwa ubaoni, darasa zima linalitamka kwa pamoja mara tano, kisha wanahamia neno lingine. Katika kuitikia huko kwa pamoja, mtoto asiyejua hujificha nyuma ya sauti za wenzake miaka miwili bila mtu kugundua.

Nisieleweke kuwa nawashutumu walimu. Kiwango kilichowekwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na wewe unayeishi huko unajua kama darasa la mwanao limefikia kiwango hicho au limekipita. Utaratibu wa elimu bila malipo ulipoanza Januari 2016, uandikishaji wa darasa la kwanza uliongezeka ghafla, jambo jema kwa watoto waliokuwa wanabaki nyumbani, lakini vyumba, vitabu na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma, hata angekuwa hodari namna gani. Zaidi ya hapo, walimu wengi wa shule za msingi wenyewe walijifunza Kiingereza kama lugha ya tatu, katika madarasa yaleyale ya kuitikia kwa pamoja, kisha wakapangiwa kukifundisha bila kupata mafunzo ya kutosha ya jinsi ya kumfundisha mtoto kusoma katika lugha asiyoizungumza. Mtaala wa mwaka 2015 uliweka mkazo wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) katika darasa la kwanza na la pili na kukiacha Kiingereza kianze darasa la tatu. Mtaala ulioanza kutumika 2024 umekileta hadi darasa la kwanza. Kwa maoni yangu, swali la kianze darasa gani ni dogo kuliko swali la nani anakifundisha na kwa vitabu vingapi.

Jirani zetu wametupa mfano wa hilo. Kenya ilianza mpango wa Tusome katika shule zake mwaka 2015: kila mtoto wa madarasa ya chini alipewa kitabu chake mwenyewe cha Kiingereza na cha Kiswahili, mwalimu akapewa mwongozo wa kila somo, na maofisa wa elimu wakawa wanaingia darasani kumwangalia mwalimu akifundisha na kumshauri papo hapo. Usomaji ulipanda katika lugha zote mbili. Zambia, kwa miaka mingi, iliwaanzishia watoto kusoma moja kwa moja kwa Kiingereza. Mwaka 1998, huko Kasama, walijaribu kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa Kibemba, lugha wanayoizungumza, na kukiacha Kiingereza cha maandishi kije mwaka uliofuata. Watoto hao wakaja kukisoma Kiingereza vizuri kuliko waliokianza mapema. Jambo hili huwashangaza wazazi, lakini ukikumbuka lile zao la vitu viwili halishangazi tena: mtoto alijifunza kusoma mahali ambapo maana haikumsumbua.

Kwa kuwa uko Singida, nina swali la kukuuliza: je, nyumbani kwenu mnazungumza Kiswahili, au Kinyaturu au Kinyiramba ndiyo lugha ya kila siku na Kiswahili ni cha wageni na shule? Ikiwa kijana alilelewa na bibi na alikianza Kiswahili alipofika darasa la awali, basi Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, na kusitasita kwake katika Kiswahili kuna sababu iliyo wazi isiyohusu akili hata kidogo. Msimulieni hadithi kwa lugha ya nyumbani bila hofu, kisha mzirudie hadithi hizohizo kwa Kiswahili. Mtoto mwenye masimulizi mengi kichwani huelewa haraka anachokisoma, kwa lugha yoyote.

Mahudhurio nayo hayana budi kutazamwa. Masomo mengine huweza kufidiwa, lakini kusoma hufundishwa kwa mfuatano, na mtoto aliyekosa wiki tatu za msimu wa alizeti, au anayebaki nyumbani kila siku ya mnada, hurudi akakuta sauti nne au tano zimekwisha kupita ambazo hakuna atakayezirudia kwa ajili yake. Njaa hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa mtoto aliyetoka nyumbani bila uji yuko darasani kwa mwili tu ifikapo saa tano. Kabla hujatumia fedha nyingine yoyote, mpeleke akapimwe macho na masikio katika kituo cha afya au hospitali ya mkoa. Mtoto aliyewahi kutoka usaha masikioni mara kwa mara huenda hasikii vizuri sauti ndogondogo kama s, f na th, na mtoto asiyeona ubaoni kwa kawaida hasemi, kwa kuwa anadhani wote wanaona kama yeye.

Kuhusu kauli ya baba yake, nakuomba umsomee aya hii kwa heshima zote. Wapo watoto wachache wenye tatizo la kimaumbile katika kusoma, linaloitwa disleksia, ambalo halihusiani na akili ndogo na linahitaji msaada maalumu. Tatizo hilo hujitokeza katika Kiswahili pia: mtoto huchanganya herufi kwa muda mrefu kuliko wenzake, husahau leo neno alilolisoma jana, na hashiki mfuatano wa sauti hata katika mchezo. Ukiona hayo yanaendelea baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya kila siku, hapo mwone mwalimu mkuu akuelekeze kwa ofisa wa elimu maalumu wa wilaya. Lakini mtoto anayesimulia vizuri, anayehesabu chenji dukani bila kukosea na anayejifunza wimbo kwa siku moja, hakuna msingi wa kusema hana kichwa. Na kauli hiyo, akiisikia, hufanya madhara ya kweli: mtoto anayeogopa kukosea huacha kusoma kwa sauti, na anayeacha kusoma kwa sauti hana tena wa kumsahihisha.

Ushauri wa jirani una sehemu mbili. Kuhusu kuhama, singekushauri kwa sasa. Mtoto ambaye hajamudu kusoma kwa lugha anayoielewa, akiingizwa mahali ambapo hesabu, sayansi na hata maelekezo ya mwalimu ni kwa Kiingereza, hupoteza masomo yote badala ya moja, na mara nyingi hurudishwa madarasa mawili nyuma. Shule za mchepuo wa Kiingereza nazo hazilingani. Zipo nzuri sana, na zipo ambazo watoto husoma ukurasa mzima kwa matamshi ya kupendeza wasijue kimeandikwa nini. Ukija kufikiria jambo hili baadaye, omba kuketi darasani kwa kipindi kimoja. Usihesabu mabasi wala kutazama rangi ya sare. Angalia kama watoto wanazungumza wao wenyewe au wanaitikia tu, na kama kuna vitabu vya hadithi vilivyochakaa kwa kusomwa.

Kuhusu kuzungumza Kiingereza nyumbani, usijilazimishe. Ukizungumza lugha usiyoimudu, mazungumzo yenu yatakuwa mafupi na makavu, na mtoto atakosa kile ambacho ni wewe tu unayeweza kumpa: maelezo marefu, maswali ya kwa nini, visa vya ukoo, vitendawili. Hayo yote hujenga ufahamu. Kiingereza cha kusikia atakipata kwa dada yake, kwa redio na kwa vipindi vya watoto.

Kazi yenyewe basi iwe hivi. Kila jioni dakika ishirini, kabla hajachoka. Mwezi wa kwanza wote utumike zaidi kwa Kiswahili: asome kifungu kilekile kifupi siku tatu mfululizo hadi kitiririke, kisha kingine. Kurudia si kupoteza muda, maana ufasaha huja kwa kulikuta neno lilelile mara nyingi. Katika dakika tano za mwisho dada yake amzungumzishe Kiingereza cha vitu vinavyoonekana nyumbani, bila kuandika chochote: lete kikombe, funga mlango, kuku wangapi, nani yuko nje. Mwezi wa pili waingie kwenye herufi, wakianza na maneno mafupi ya familia moja kama "cat", "hat" na "mat", ambayo mtoto huona yakibadilika herufi moja tu. Hayo yakishakaa, ndipo dada yake amwonyeshe kanuni iliyombana: aweke "kit" kando ya "kite", "hop" kando ya "hope", "mad" kando ya "made", na amweleze kwamba ile e ya mwisho haitamkwi, kazi yake ni kuibadilisha irabu iliyotangulia. Nimewaona watoto waliosoma na-me kwa mwaka mzima wakibadilika ndani ya wiki moja baada ya kuelezwa jambo hili waziwazi. Maneno yasiyofuata kanuni, kama "come", "one", "said" na "was", yaandikwe kwenye vipande vya boksi yajulikane kwa sura, manne au matano kwa wiki, yasizidi.

Vitabu visiwe kikwazo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na mradi wa African Storybook unatoa hadithi fupi za watoto bila malipo, nyingi zikiwa na toleo la Kiswahili na la Kiingereza la hadithi ileile. Simu moja ya dada yake au ya jirani inatosha. Asome kwanza toleo la Kiswahili. Akiingia la Kiingereza atakuwa tayari anajua kinachotokea, na nguvu yake yote itaenda kwenye maneno.

Muonye dada yake asimpige wala asimcheke, na asimpe jibu mara tu anaposita. Asubiri, ahesabu moyoni hadi tano, kisha amsaidie sauti ya kwanza ya neno.

Miezi mitatu ikipita, rudia lile zoezi la jioni mbili kwa hadithi nyingine na uandike tofauti unazoziona, kisha uende nazo shuleni ukazungumze na mwalimu wa somo. Muombe jambo moja tu dogo: amketishe kijana mbele, na mara moja kwa wiki amsikilize akisoma peke yake mistari mitatu. Mbele yake kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na huenda shule ikapendekeza arudie darasa kabla ya hapo. Usikatae kwa hasira wala usikubali kwa unyonge. Uliza ni kitu gani atafundishwa tofauti katika mwaka huo wa kurudia, na nani atamsikiliza akisoma. Jibu likiwa ni kwamba atakaa katika darasa lilelile, kwa vitabu vilevile na kwa kuitikia kulekule, omba aendelee na wenzake, na zile dakika ishirini za jioni ziendelee.